Kucheka na Mtu na Kumcheka Mtu: Tahakiki ya Sinema ya Kibanda na Mashabiki Wake

Sisi walimu wa lugha tuna mazoea ya kuihakiki kazi ya sanaa na kumsahau aliyeipenda. Tunauliza maudhui yake ni yapi, fani yake ikoje, na mtunzi ana msimamo gani. Ni mara chache tunapouliza kazi hiyo imewakusanya watu gani, na watu hao wakishakusanyika wanatendeana nini. Katika makala haya tumekusudia kuliuliza swali hilo la pili. Tutaitazama sinema moja iliyotengenezwa Kampala, sauti iliyotiwa juu yake, na jumuiya ya mashabiki iliyozaliwa kwayo katika mtandao wa intaneti. Wanafunzi wetu wengi wamo katika jumuiya za namna hiyo, nasi aghalabu huzitaja kwa kuzibeza tu.

Tuanzie Wandegeya. Mtaa huu uko chini ya kilima cha Makerere, mahali ambapo Barabara ya Bombo inapakana na njia ya kupandia Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 1922. Inasemekana kuwa jina lake limetokana na ndegeya, ndege wadogo wanaosuka viota vyao kwa wingi katika mti mmoja na kupiga kelele kutwa nzima. Mtaa umelistahili jina hilo. Vijana waliotoka Arua, Gulu, Mbale na Mbarara hupanga vyumba humo, hula rolex iliyokaangwa kando ya njia, na jioni hujazana penye televisheni kutazama mpira. Katika vibanda vya kuuzia sinema humpa muuzaji flashi zao azijaze hadithi za juma zima.

Kijana wa namna hii ametoka nyumbani alikojulikana kuwa ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Hapa mjini anajulikana kwa namba ya usajili. Lugha ya sokoni si ya kwao, na Kiingereza cha darasani ni cha mtihani. Basi rafiki yake wa kwanza huenda akawa yule aliyeipenda timu aipendayo, au mwimbaji ampendaye, au sinema aliyoirudia mara tano. Kikundi kilichomo ndani ya simu yake ndicho kinachomwuliza mbona leo amenyamaza. Hatuoni kwa nini tulicheke jambo hilo. Mtu hujitafutia jamaa pale anapoweza kuwapata, na mapenzi ya kitu kimoja ni msingi wa urafiki uliokuwako kabla ya simu na kabla ya umeme. Wazee wetu pwani walikuwa na vyama vya beni, wakashindana kwa nyimbo na mavazi, na mtu alijitambulisha kwa chama chake kama vile kijana wa leo anavyojitambulisha kwa Arsenal au Manchester United.

Swali la mhakiki, basi, haliwezi kuwa kama ushabiki ni mzuri au mbaya. Swali ni hili: ni kitu gani kinachoufanya umati wa watu wanaopenda kitu kimoja uwe nyumba ya kukaliwa, usibaki kuwa umati tu? Ili kulijibu hapana budi kuingia kibandani.

Kibanda, kwa matumizi ya Kampala, ni chumba cha kuonyeshea video: kuta za mbao au mabati, mabenchi, televisheni, na kiingilio cha fedha kidogo. Sinema zilizoonyeshwa humo tangu miaka ya 1980 na 1990 zilitoka Hong Kong, Marekani na Uhindi, na watazamaji wengi hawakuifahamu lugha yake. Kwa hiyo akatokea mtu wa kusimama kati. Huyu huitwa VJ, kwa kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mchekeshaji wa video. Hukaa na kipaza sauti, hupunguza sauti ya sinema, akafasiri kwa Kiganda yale yanayosemwa, akaeleza yasiyosemwa, akawabandika wahusika majina ya hapa hapa, akamlinganisha jambazi na mtu ambaye kila mtu mtaani anamfahamu, akawatania watazamaji wenyewe. Majina ya VJ Jingo na VJ Junior yanafahamika Uganda kuliko majina ya waongozaji wengi wa sinema hizo walizozitia sauti.

Mwalimu wa tafsiri akimpima VJ kwa vipimo vyake atamkosoa vikali, kwani anaongeza, anapunguza na kugeuza. Mwalimu wa fasihi simulizi atamwona kwa jicho jingine. Huyu ni fanani aliye mbele ya hadhira yake. Mtambaji wa ngano hakuwa akisoma kitabu. Alikuwa akiipokea hadithi iliyotoka mbali na kuikabidhi kwa watu waliokuwa wameketi pale, usiku ule, kwa maneno yaliyowafaa. Hadhira nayo haikunyamaza: iliitikia, iliuliza, ilicheka na kumsahihisha. Kibandani mambo ni hayo hayo. Sinema imetoka ng'ambo, lakini onyesho ni la Kampala. Asiyejua Kiingereza hapewi nafasi ya kujiona mjinga, kwa kuwa sauti iliyo karibu naye imemkaribisha kwa lugha yake. Tutaona kuwa sauti hiyo ndiyo msingi wa hoja yetu yote.

Sasa tuihame Wandegeya kwa muda, twende upande wa Rubaga, kwenye mtaa wa Wakaliga. Huko Isaac Nabwana, ajulikanaye kwa jina la Nabwana I.G.G., alianzisha Ramon Film Productions, jina alilolitunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Kabla ya hapo alikuwa mfyatua matofali. Amesimulia katika mahojiano kwamba utotoni hakuwa akienda kwenye sinema; nduguye mkubwa ndiye aliyekwenda, na aliporudi alimhadithia aliyoyaona. Jambo hilo si dogo kwa mhakiki. Mtu huyu alizijua sinema kwanza kwa masikio, kwa ulimi wa nduguye, kabla ya kuzijua kwa macho. Kwake yeye sinema ilikuwa ngano tangu mwanzo.

Mwaka 2010 alitoa *Who Killed Captain Alex?*, yaani nani aliyemwua Kapteni Alex. Inaelezwa kuwa gharama yake haikufika dola 200 za Marekani. Kompyuta iliunganishwa kwa vipande vya mashine kuukuu, bunduki zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu, na waigizaji walikuwa majirani. Kisa chenyewe kinaelezwa kwa maneno machache. Kapteni Alex anatumwa kulivunja genge la majambazi linaloongozwa na Richard, Alex anauawa, ndugu yake, bingwa wa kung fu aitwaye Bruce U, anakuja kutafuta muuaji, kisha helikopta zilizochorwa kwa kompyuta zinailipua Kampala. Swali lililo katika jina la sinema halijibiwi hadi mwisho.

Kwa upande wa fani, kasoro zake ni nyingi na hatuna sababu ya kuzificha. Mtiririko wa matukio unakatika, wahusika hawakui, na wanawake wamepewa nafasi finyu. Vifo ni vingi mno hata kimoja hakiachi uzito wake. Nakala ya awali ya Nabwana haipo tena, kwani aliifuta ili apate nafasi ya sinema nyingine katika kompyuta yake. Iliyobaki ni ile iliyotiwa sauti na VJ Emmie, kwa hiyo hatuwezi kuihakiki sinema peke yake. Tunaihakiki sinema pamoja na mtambaji wake. Sauti ya VJ Emmie inapoza baadhi ya kasoro tulizozitaja na kuzidisha nyingine. Pale picha inapolegea, yeye anaikaza kwa shangwe. Lakini penye kifo pia anatania, na mtazamaji anayetaka dakika moja ya kimya ili amlilie Alex hapewi dakika hiyo.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo hakuna kipimo cha fani kitakachotuonyesha peke yake. Watu wa umri wa Nabwana walikulia katika Uganda ya miaka ya 1970 na 1980, ambamo bunduki hazikuwa za mbao. Magari ya askari, milio ya usiku na kutoweka kwa watu vilikuwa sehemu ya maisha ya miji. Sinema hii imeuchukua mtutu uleule ikaufanya mwanasesere, ikawaalika majirani waanguke, wafe, kisha wainuke wakapikie watoto. Kwa maoni yetu hapo ndipo ilipo faraja yake. Kicheko cha watazamaji si cha watu wasiojua mauaji ni kitu gani. Ni kicheko cha watu wanaojua, na ambao kwa saa moja wameruhusiwa kutokuogopa.

Kionjo cha sinema hii kiliwekwa YouTube mwaka 2010, nacho kikatazamwa na watu wengi sana nje ya Afrika. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, alikiona, akapanda ndege hadi Kampala kumtafuta aliyekitengeneza, na baadaye akahamia Wakaliga kufanya kazi naye. Mwaka 2015 sinema nzima iliwekwa mtandaoni, ikiwa na sauti ya VJ Emmie kwa Kiingereza ili wageni nao wafuate. Mwaka huohuo zilichangishwa fedha kwa njia ya Kickstarter kwa ajili ya sinema nyingine. Lengo lilikuwa dola 160; mashabiki wakatoa zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2016 *Bad Black* ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Austin, na mwaka 2019 *Crazy World* ilionyeshwa Toronto. Wageni walifunga safari hadi Wakaliga, wakapewa sehemu katika sinema, nao wakauawa kwa bunduki za mbao kama majirani wengine.

Tuitazame jumuiya hii kwa makini. Ni ya watu wasiofahamiana, waliotawanyika katika nchi nyingi, na aghalabu kila mmoja yuko peke yake mbele ya kioo cha simu. Lakini wanapotazama wanasikia sauti inayowatania, inayowafahamisha mambo ya Uganda na kuwahesabu kuwa wamo chumbani. VJ Emmie amewaingiza kibandani. Hawaombwi kumhurumia Mwafrika maskini, wanaombwa washangilie. Na wenye sinema wenyewe wamo katika kicheko, wakiwa waandaaji wake. Shabiki wa mbali hapa anacheka *na* mtu.

Sasa tuje kwenye sura ya pili, ambayo mapenzi yetu kwa sinema hii yasitufanye tuiache. Mapema mwaka 2018, katika mchezo wa kompyuta uitwao VRChat, ambamo watu huvaa maumbo ya kubuni na kuongea, yalitokea makundi ya vijana waliovaa umbo la Knuckles, mhusika wa michezo ya Sonic. Umbo hilo lilitokana na kikatuni kilichochorwa mwaka 2017. Vijana hao walikwenda kwa makundi, wakamzunguka mchezaji mmoja, hasa mwanamke, wakampigia makelele ya ndimi na kumwuliza kama anaijua njia, kwa matamshi ya kuigiza Mwafrika. Walijiita watu wa Uganda. Chanzo kimojawapo cha mzaha huo kilikuwa mashabiki wa sinema ya Kapteni Alex. Kwa majuma machache jina la Uganda lilienea duniani likiwa la mzaha huo, na watu wengi, Waafrika na wasio Waafrika, wakaulaani kuwa ni dharau ya rangi.

Wale nao walikuwa jumuiya. Walipata humo urafiki, utambulisho na hata faraja. Kijana aliyekuwa mpweke chumbani kwake alijikuta na ndugu mia waliovaa kama yeye. Kama tungeupima ushabiki kwa furaha ya wanachama wake tu, tungelazimika kuyapa makundi yote mawili alama sawa. Lakini hayafanani, na lugha yetu inaijua tofauti yake barabara. Kiswahili hutenga kucheka *na* mtu na *kum*cheka mtu. Katika kauli ya kwanza kiunganishi kinaniweka ubavuni mwake. Katika ya pili mwenzangu amekuwa yambwa, amewekwa ndani ya kitenzi ili atendwe. Mwaka 2018 sauti ya mtambaji iliondolewa, yakabaki matamshi yake tu yakiigizwa na watu wasiomjua. Fanani akatolewa chumbani, na hadhira ikabaki na kelele.

Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza. Jumuiya ya mashabiki huwa nyumba pale inapokuwa na sauti inayomkaribisha anayeingia kwa lugha anayoielewa, na pale yule anayechekwa anapoweza kujibu. Isipokuwa na hayo, hata ikiwa na watu milioni, ni umati.

Kipimo hiki kinamfaa pia kijana wa Wandegeya na simu yake. Wapo waliopata humo watu wa kuwasomea mashairi yao ya kwanza na watu wa kuwauliza juu ya ugonjwa wanaouona haya kuutaja nyumbani. Wapo pia waliojifunza humo kumtukana asiyeshangilia timu yao, na waliopoteza karo katika kamari ya mpira kwa kusukumwa na kikundi. Tena nyumba hizi zimejengwa juu ya ardhi ya watu wengine. Kuanzia Julai 2018 kila aliyetaka kuingia katika mitandao ya kijamii nchini Uganda alitozwa shilingi 200 kwa siku, kodi iliyodumu hadi mwaka 2021. Na katika uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliokuwa na jamaa ndani ya simu tu walibaki bila jamaa. Waliokuwa na kibanda, kanisa, msikiti au benchi la rolex walikuwa na mahali pa kwenda. Tunapowapa wanafunzi nasaha tuwaambie hilo bila kuwatisha: rafiki wa mtandaoni ni rafiki, lakini ni vyema ajulikane pia anapokaa.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili hasa. Katika vibanda vya Kampala sauti ya mtambaji ni ya Kiganda, na ni haki yake. Dar es Salaam ilikuwa ya Kiswahili: Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa kuzitia sinema za kigeni utambaji wa Kiswahili, na nchini Kenya DJ Afro amefanya vivyo hivyo kwa Kiswahili cha mitaani. Maelfu ya watu walioacha shule mapema wamekuza msamiati wao humo bila kujua kuwa wanafundishwa. Kampala haijakipa Kiswahili kipaza sauti cha namna hiyo.

Historia inaeleza sababu. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilisikika kwanza kinywani mwa askari kizuizini. Serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973; katiba ilivyorekebishwa mwaka 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili; na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Yote hayo ni amri. Amri huweza kuiingiza lugha darasani, lakini haiwezi kuifanya ipendwe. Mtoto huipenda lugha aliyochekea ndani yake pamoja na wengine. Kama Kiswahili cha Uganda hakitapata watambaji, washangiliaji na vikundi vya watu wanaotaniana kwacho, kitabaki kuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, safari hii na karatasi ya mtihani juu yake.

Yawezekana msomaji akasema kwamba Kiswahili cha vibanda si sanifu, na kwamba mwalimu hawezi kuishusha lugha hadi hapo. Tunaikubali nusu ya hoja hiyo. DJ Afro hawezi kuwa kitabu cha sarufi. Lakini usanifu bila mapenzi umetupatia wanafunzi wengi wanaojua kunyambua vitenzi na wasioweza kumtania rafiki. Mtu huanza kuisanifisha lugha aliyokwisha kuizoea, kama vile mwashi anavyoupiga lipu ukuta uliokwisha kusimama.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu jaribio jepesi. Chukueni dakika kumi za sinema yoyote ambayo wanafunzi wanaipenda, iondoeni sauti, mpeni mwanafunzi mmoja nafasi ya kuitamba kwa Kiswahili mbele ya darasa, na wengine waachwe waitikie. Msimkatize kwa kila kosa. Yaandikeni, myajadili baadaye. Kisha darasa lihakiki: mtambaji alifasiri wapi, alibuni wapi, nani alichekwa, na je, aliyechekwa alikuwa na nafasi ya kujibu? Sauti hiyo ikirekodiwa na kutumwa katika vikundi vyao vya simu, itawafikia vijana wa Dodoma, Mombasa na Bukavu wanaoipenda sinema ileile, nao watajibu. Kijana wa Arua atakapoulizwa na kijana wa Tanga, kwa Kiswahili, kwa nini mtani wetu Bruce U hakumpata muuaji wa ndugu yake, atakuwa na sababu ya kuisema lugha hii ambayo hatukumpa sisi wala serikali.

Walimu watakaolijaribu jambo hili, Kampala na kwingineko, tunawaomba watuandikie katika kurasa hizi, watueleze lilivyofaulu na lilivyoshindikana.